Kababu za kuoka zenye yai ndani: maswali ninayoulizwa kila mara

Haya maswali nayajibu kila Ramadhani na kila penye shughuli. Wifi anapiga simu, jirani anagonga mlango, mtu wa kazini ananitumia picha ya trei imejaa maji na mayai yote yametoka nje, kwahiyo nimeona niyaweke sehemu moja. Ukiyasoma yote utaona narudi palepale, kwenye maji. Kababu ya kukaanga inasaidiwa na mafuta ya moto, ikigusa tu inajifunga, lakini ya kuoka haina huo msaada, kila tone la maji uliloliacha ndani litatafuta njia ya kutokea na njia yenyewe ni kupasua nyama.

## Kwanza tuelewane

Kababu ya kujaza ndo ipi hasa?

Pwani tukisema kababu tunamaanisha tonge la nyama ya kusaga yenye viungo. Nyama ya kwenye kijiti kwetu ni mishkaki, japo kwa Waajemi na Waarabu tulikolitoa hilo neno kababu ni nyama ya kuchomwa, kwahiyo ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wakitaja kababu muulize kwanza ni ipi. Ya kujaza ni hilohilo tonge ila katikati lina kitu, na kinachojulikana zaidi ni yai zima la kuchemsha, ile ambayo mikahawani wanaiita egi chopu. Waingereza nao wanayo, wanaiita Scotch egg, na Wahindi wanayo nargisi kofta ambayo wakimaliza wanaitia kwenye mchuzi mzito.

Si ndo katlesi hiyo?

Hapana. Katlesi kiazi kiko nje nyama iko ndani. Hapa nyama ndo ukuta.

Kwanini nioke wakati kukaanga ni rahisi?

Sababu yangu ya kwanza ni kwamba unaoka 12 kwa mpigo na wewe unaendelea na mambo yako, husimami kwenye karai saa nzima huku mafuta yanakurukia na wageni wako mlangoni. Ya pili ni mafuta yenyewe, kababu ya yai ni kubwa na inahitaji mafuta ya kuizamisha, ukihesabu lita zinazoenda hapo roho inauma. Na tatu, nyumbani kwetu kuna mtu wa presha na daktari alishasema vya kukaanga vipungue.

Ila niseme ukweli, haitakuwa na lile gamba la kukaanga. Itakuwa na gamba lake, kavu na lenye kukatika vizuri ukifata jibu la rangi huko chini, lakini ni kitu kingine na ukiilinganisha kila saa na ya kukaanga hutaifurahia.

## Nyama na mchanganyiko

Ninunue nyama gani?

Steki ya ng'ombe yenye mafuta kidogo, kama sehemu moja mafuta kwa nyama tano hivi. Isiyo na mafuta kabisa ikiokwa inakuwa kama kamba. Chagua kipande mwenyewe, kiangalie, alafu kisagwe mbele yako. Nasema mbele yako kwasababu niliwahi kununua kilo mbili zilizokwishasagwa kwenye bucha moja, nilipozifungua nyumbani bakuli likatuama maji ya pinki kama nimemimina juisi, siku hiyo hata kababu moja haikushika. Tangu siku hiyo siagizi mtu, naenda mwenyewe na nasimama pale kwenye mashine.

Nipe kipimo kinachokubali

Kwa mayai 12 ya kujaza nachukua nyama kilo moja, slesi tatu za mkate mweupe, vitunguu maji viwili vikubwa, saumu punje sita, tangawizi kama kidole gumba, chumvi vijiko viwili vya chai vya kusawazisha sio vya mlima, bizari nyembamba na pilipili manga kijiko kimoja kimoja cha chai, kotmiri fungu moja (giligilani, dania, ni hiyohiyo), pilipili mbuzi moja kama nyumbani hamna watoto wadogo, na yai moja bichi. La kupaka nje na chenga za mkate ni mbali, ziko kwenye jibu la rangi.

Ndimu siweki ndani. Najua wengi mnaweka, lakini ndimu ni maji na tena ukali wake unaanza kuivisha nyama juu juu kabla hujaiviringa na kushika kunapungua. Kamulia ukiwa unakula.

Nyama niichemshe kwanza kama ya sambusa?

Usichemshe. Kinachoshikisha kababu ni protini ya nyama mbichi, ukitia chumvi na kukanda zile nyuzi zinatoa utomvu unaonata, na huo utomvu ukipata moto unakuwa gundi. Nyama iliyokwisha kuiva haina gundi tena, hapo utaongeza mayai na mkate mpaka unakula mkate wenye harufu ya nyama. Sambusa ina manda ya kuishikilia, kababu yetu inajishikilia yenyewe.

Kitunguu kinaniletea maji, nifanyeje?

Hapa ndo mahali pa kupatilia. Kitunguu kikune au kipige kwenye blenda bila maji, tia chumvi kidogo kutoka kwenye vile vijiko viwili, kiache dakika kumi, alafu kifunge kwenye kitambaa safi cha kanga iliyochakaa na ukamue kwa nguvu zote, unakunja, unageuza, unakunja tena. Vitunguu viwili vinanitolea kama robo kikombe cha maji, na kinachobaki kwenye kitambaa ni kidonge kikavu ukikibonyeza kinavunjika. Hicho ndo kinaingia kwenye nyama. Hayo maji usimwage, yatie kwenye mchuzi wa siku hiyo.

Kotmiri pia, ukishaiosha ikung'ute na uiache ikauke kabla ya kukata. Watu wanakamua kitunguu vizuri alafu wanarudisha maji yote kupitia majani.

Mkate ni wa kuongeza wingi tu?

La, mkate una kazi, unashika majimaji ya nyama ikiwa kwenye moto yasikimbilie kwenye trei, ndo mana kababu yenye mkate inabaki laini na isiyo nao inasinyaa. Uchane vipandevipande, unyunyizie maziwa vijiko vitatu vikubwa ulainike, uusage kwa vidole mpaka usione kipande. Usiuloweke kwenye bakuli la maji alafu ukaukamua, huwezi kuukamua sawasawa na utakuwa umejirudisha kwenye tatizo la kitunguu. Ukizidisha slesi tano kwa kilo utaanza kula mkate.

Nikande mpaka lini?

Kama dakika tatu kwa mkono. Chota kidogo ubandike kwenye kiganja, ugeuze kiganja chini, ikining'inia bila kuanguka imefika. Ukiendelea kukanda mpaka iwe kama uji wa mpira, kababu itakuwa inaruka mdomoni kama soseji. Ikifika ifunike, frijini dakika 30, mafuta yagande kidogo, kuviringa kutakuwa rahisi.

## Kujaza na kuviringa

Mayai niyachemshe dakika ngapi?

Dakika 8 tangu maji yanayochemka yapokee mayai, alafu moja kwa moja kwenye maji baridi. Kumbuka yataingia kwenye oveni kupikwa mara ya pili. Ukiyachemsha 15 ukayaoka tena utapata lile duara la kijani kuzunguka kiini, ni salfa ya ute mweupe na chuma cha kiini vimekutana kwasababu ya moto mwingi, halina madhara ila halivutii na harufu yake inakuwa nzito.

Walioko Mbeya, Nairobi na miinuko mingine ongezeni dakika moja na nusu au mbili. Kule juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, Nairobi ni kama 94 au 95 hivi, kwahiyo povu lipo ila joto halijafika la Dar au Mombasa. Dada yangu alihamia Mbeya akanilalamikia miezi kuwa kipimo changu kinamtolea kiini cha maji, tatizo lilikuwa mlima.

Naviringaje bila yai kutokeza?

Menya mayai, yafute moja moja kwa kitambaa kikavu, kisha yapitishe kwenye unga wa ngano na ukung'ute ubaki ule wa kung'ang'ania tu. Yai la kuchemsha linateleza, nyama haina pa kushika, unga ndo unazikutanisha. Ukiruka hapa utakuja kukata kababu mezani na yai litadondoka peke yake kama mbegu ya embe.

Chukua nyama kama gramu 100, tonge la kujaa ngumi ya mwanamke. Tandaza kwenye kipande cha nailoni ulichokipaka mafuta mpaka iwe kama chapati ndogo, unene wa kidole kidogo. Weka yai katikati, nyanyua nailoni pande zote ilifunike, kisha toa nailoni na uanze kuzungusha kwenye viganja vilivyoloweshwa kidogo. Sasa tembeza kidole gumba kwenye mshono mpaka usiuone, alafu izungushe polepole ukiibonyeza kwa vidole, utasikia mahali palipo laini kuliko pengine. Hapo ndo pembamba, na hapo ndo patapasuka. Ongeza kipande cha nyama, lainisha. Sekunde kumi kwa kila moja zinakuokolea trei nzima.

Naweza kuweka chizi badala ya yai?

Unaweza, ila fanya kababu ndogo, gramu 50 za nyama na kipande cha chizi kama dadu. Chizi kiweke friza nusu saa kabla ya kujaza, kikianza kuyeyuka kikute nyama ya nje imeshajifunga. Mozarela inavutika vizuri, ila ile inayouzwa ikielea kwenye maji ifute na uikaushe sana, sababu umeshazijua.

Nini kingine kinafaa?

Ninachokipenda kuliko vyote, hata kuliko yai, ni korosho. Zikaange kidogo ukazikatakata na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia, chumvi, mdalasini wa kunusa tu. Wazo nimelitoa kwenye kibbeh ya Lebanon na Syria, wao ukuta wao ni nyama na ngano ya bulgur na ndani wanaweka nyama ya kukaanga na njugu za msonobari, ambazo huku hazipatikani kirahisi na zikipatikana ni ghali, wakati korosho za Mtwara tunazo. Viazi vya kuponda na pilipili vinafaa pia. Nyanya mbichi na pilipili hoho mbichi achana nazo.

Mayai ya kware yanafaa sana kwa sherehe, ni mdomo mmoja au miwili. Yachemshe dakika tatu au nne, nyama gramu 35 hadi 40 inatosha.

## Kwenye moto

Moto kiasi gani na muda gani?

Nyuzi 200, oveni iwe imewashwa dakika 15 kabla. Za yai zinachukua dakika 25 hadi 30, za chizi 18 hadi 20, za kware kama 15. Trei rafu ya katikati, zisigusane, acha nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine maana zikibanana zinatoleana mvuke na zinachemka badala ya kuokeka. Usifunike na foili kwa sababu hiyohiyo. Za yai geuza mara moja tu, dakika ya 15, kabla ya hapo chini zinakuwa bado zimenata.

Kuna wanaosema 160 kwa muda mrefu zitaiva taratibu. Zitaiva, lakini zitakuwa zimekaa kwenye maji yao muda wote.

Mbona zangu zinatoka nyeupe kama zimechemshwa?

Kwasababu chenga za mkate zikiwekwa mbichi kwenye oveni zinakauka tu hazipati rangi. Zikaange kwanza. Chenga vikombe viwili, mafuta vijiko vitatu vikubwa, kwenye kikaangio moto mdogo unakoroga mpaka ziwe rangi ya chai ya maziwa, ziache zipoe. Kababu ukishaiviringa ipitishe kwenye yai lililopigwa, kisha kwenye hizo chenga, bonyeza kidogo zishike. Rangi umeshaiweka wewe, oveni kazi yake inabaki kuivisha.

Sina oveni, nina jiko la mkaa

Bibi yangu Tanga hakuwahi kuwa na oveni na alioka mikate ya kumimina na kababu maisha yake yote. Tafuta sufuria nzito pana, weka mchanga mkavu chini unene wa vidole viwili, funika uipashe moto dakika 15 hadi 20. Kababu zipange kwenye sufuria ndogo au sahani ya bati iliyopakwa mafuta, iingize humo juu ya mchanga, funika na kifuniko cha bati kisha palia makaa juu. Siri iko kwenye mgawanyo, makaa mengi juu na machache chini, mana joto la chini halina pa kwenda linapanda lenyewe lakini la juu bila makaa halipo. Usifunue kabla ya dakika 25. Huwa zinanichukua kama 40, na utasikia harufu ikibadilika kutoka ya nyama mbichi yenye viungo kuwa ya kitu kilichokaangwa, hapo ndo unachungulia.

Ukinyanyua kifuniko kinyanyue wima na polepole, jivu likidondoka kwenye kababu hakuna cha kufanya.

Na eafraya (air fryer) je?

Vizuri kabisa, nyuzi 180, dakika 16 hadi 20 kwa za yai, nne au tano kwa wakati mmoja. Zinyunyizie mafuta kidogo maana ile feni inapeperusha chenga.

Oveni itanimalizia LUKU?

Oveni ya mezani nyingi ni kama wati 1,500. Dakika 15 za kupasha na 30 za kuoka zinakuja uniti moja na kidogo ikiwaka bila kupumzika, na kwa kawaida inazima na kuwaka yenyewe ikishafika joto, kwahiyo ni chini ya hapo. Oka trei mbili mfululizo ukishaipasha.

Zimepasuka zote, nimekosea wapi?

Angalia zilivyopasuka. Zikiwa zimefunguka kwenye mstari mmoja mnyoofu, ni mshono, rudi kwenye jibu la kuviringa. Zikiwa zimechanika popote popote na trei ina maji, ni kitunguu au mkate. Zikiwa nzima ila zimesinyaa na yai limechungulia upande mmoja, nyama ilikuwa haina mafuta au uliitandaza nyembamba mno. Na kama umezitoa frijini ukazitia hapohapo zikiwa za baridi kama barafu, ziache mezani dakika 10 safari ijayo.

Kuna vitu vyeupe kama povu vimetoka pembeni, zimeharibika?

Hapana, ni protini ya nyama imetoka na majimaji ikaganda. Ikiwa kidogo ni kawaida. Ikiwa nyingi, ni maji tena.

Nitajuaje zimeiva ndani bila kuzikata?

Kipimajoto cha nyama ndo jibu la uhakika na siku hizi vinauzwa vingi, kichome kwenye nyama iliyo karibu na yai, ng'ombe ifike nyuzi 71, kuku 74. Rangi inadanganya, nyama ya kusaga inaweza kuwa kahawia bado haijafika, na nyingine ikabaki na upinki imeshafika. Huna kipimajoto, kata moja ile kubwa kuliko zote, majimaji yawe safi na mpaka wa nyama na yai usiwe na unyevu wa kunata. Nyama ya kusaga sio kama kipande cha kuchoma, vijidudu vya juu vimeshasagwa vikaingia ndani, kwahiyo hakuna cha kuacha nusu mbichi.

## Kuandaa mapema, kuhifadhi na kesi za pembeni

Naweza kuziandaa usiku nikaoka kesho futari?

Ndio, na mimi ndo ninavyofanya. Ziviringe, zifunike, frijini, lakini chenga za mkate zipake dakika za mwisho maana zikilala zinanyonya unyevu. Nyama mbichi ya kusaga isizidi siku mbili frijini ukihesabu tangu ulipoinunua, sio tangu ulipoiviringa.

Friza je?

Za korosho na za chizi ndio, zigandishe zikiwa mbichi zimetengana kwenye trei, kisha kwenye mfuko. Za yai hapana. Ute wa yai la kuchemsha ukiganda na kuyeyuka unakuwa mpira wenye maji. Kama unataka akiba ya mwezi mzima gandisha nyama iliyochanganywa peke yake, mayai uchemshe siku ya kuoka.

Zinaweza kukaa nje muda gani kwenye shughuli?

Masaa mawili. Kwenye joto la Dar la Januari na hema halina feni, hesabu lisaa limoja. Zilizobaki frijini siku tatu hadi nne, na kuzipasha rudisha kwenye oveni nyuzi 180 dakika 10 hadi 12. Maikrowevu inalainisha gamba lote, na usithubutu kuweka yai zima humo, linaweza kulipuka. Kama huna njia nyingine kata katikati kwanza.

Za kuku au samaki?

Kuku chukua mapaja, kidari kinakauka. Nyama yake ni laini zaidi kwahiyo frijini saa nzima kabla ya kuviringa. Samaki ukuta wake ni dhaifu kwa yai zima, mimi naongeza kiazi kimoja cha kuponda kwa nusu kilo na najaza yai la kware.

Kuna mtu hali ngano

Ndani weka kiazi kilichopondwa kikavu badala ya mkate, yai lipitishe kwenye unga wa mchele, nje tumia chipsi za muhogo zilizopondwa, na hizi hazihitaji kukaangwa tena kama zile chenga.

Mjamzito na watoto wadogo?

Yai lichemke dakika 10 hadi kiini kishike kabisa na nyama ipimwe kama nilivyosema, basi. Kwa mtoto wa chini ya miaka minne usijaze korosho nzima wala vipande, zitamkaba, zisage.

Zilizopasuka nizitupe?

Hapana jamani. Tengeneza mchuzi wa nyanya na tui la nazi, uchemke na uanze kuwa mzito, zipange humo na mayai yake, moto mdogo dakika tano bila kukoroga, tingisha tu sufuria. Kwa wali mweupe. Nyumbani kwangu kuna mtoto anaomba zipasuke.